Kanga Aliyevunjika Kichwa

4 Novemba

Leo Bi Nyaradzai wa jumba la maonyesho la Harare amekuja na gari jeupe na madaftari matano. Tumechaguliwa wachongaji watano kwa maonyesho ya tarehe 25 Januari. Kila mmoja anatakiwa aandike daftarini jinsi wazo linavyomjia, tangu jiwe likiwa mlimani mpaka linapong'aa. Kisha tumpelekee ukurasa mmoja mmoja wa kuchapwa kwenye kijitabu, na siku ya ufunguzi tukae mbele ya watu tuulizwe.

Kufakunesu, mwenzangu wa banda la pili, alipapasa karatasi ya daftari lake akasema inafaa kusokotea tumbaku.

"Na ukurasa wako utaandika nini?" nikamuuliza.

"Kwani wewe umekufa?"

Ana haki. Miaka kumi na tisa sasa mimi ndiye ninayeyatungia mawe ya watu hadithi. Mtu akimaliza kuchonga ananijia na chupa ya mahewu, togwa letu la mahindi, ananionyesha jiwe, nami namwambia ni nini. Wageni hawapendi jiwe bubu. Yule bundi maarufu wa Kufakunesu ni roho ya marehemu bibi yake, ingawa bibi mwenyewe yu hai, anauza nyanya sokoni Guruve na bundi hawapendi hata kidogo. Sijawahi kuona aibu kwa hilo. Uongo wa jiwe haumuumizi mtu.

9 Novemba

Nimeanza jiwe la maonyesho. Jeusi, gumu, kimo cha mtoto wa shule. Nachonga kanga. Kanga wanapendwa, na hawana masikio ya kunisumbua.

13 Novemba

Kichwa cha kanga kimevunjika. Kulikuwa na mshipa mweupe shingoni ambao sikuuona, au niliuona nikajifanya sikuuona. Nimetukana mpaka mbwa wakaondoka.

Kufakunesu alikuja kukitazama kipande chini. "Sasa mfanye mwanamke ameinama," akasema. "Kanga asiye na kichwa ni mwanamke aliyeinama. Sote tunajua."

Ni kweli. Nusu ya wanawake walioinama waliotoka kijijini hapa walianza wakiwa kanga. Bi Nyaradzai akitaka kujua wazo linavyokuja, hivi ndivyo linavyokuja. Lakini jambo hilo haliandikiki kwenye kijitabu.

14 Novemba

Mwanamke ameinama.

20 Novemba

Mvua ya kwanza. Wenye mashamba wanaimba. Sisi tunafunika kuni.

22 Novemba

Nimemaliza kuchonga, nikalibingirisha jiwe hadi kwa dada yangu.

Sekesai ananizidi miaka mitano. Mumewe alifariki, wanawe wawili wakubwa wako Pretoria, naye anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Kila jiwe langu hupita mikononi mwake. Mimi natoa umbo, yeye anatoa ngozi. Anakaa na beseni la maji na karatasi sita za msasa, kuanzia ile inayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe hadi ile laini usiyoisikia. Anasugua, anaosha, anasugua. Mimi nilichonga siku nane. Yeye hatatumia chini ya kumi.

"Huyu nani?" akaniuliza.

"Sijui bado."

"Unaniletea mtu nimwogeshe, jina lake hulijui?"

"Alikuwa kanga, Chihera."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Wanawake wote wa ukoo wetu huitwa Chihera, na watu wa koo nyingine hutupa pole sisi kaka zao, maana Chihera hapindwi. Lakini huyu wangu anacheka vizuri.

27 Novemba

Mvua.

1 Desemba

Mvua. Bi Nyaradzai amepiga simu. Kurasa anazitaka kabla ya tarehe kumi. Za wenzangu wanne zimeshakwenda, zote nimeziandika mimi. Yangu haipo. Nimeketi mbele ya karatasi tangu asubuhi nikaambulia tarehe.

3 Desemba

Leo nilikaa karibu na Sekesai nikimtazama. Amefika karatasi ya nne. Mgongo wa mwanamke umeshakuwa mweusi wa maji. Alikuwa anasugua mikono ya jiwe, ile inayoelekea chini, na hakuondoka hapo karibu saa nzima.

"Huyu anatafuta kitu alichodondosha," akasema. Hakuniambia mimi. Alikuwa anasema na jiwe.

Baada ya chakula alisema anakwenda kutafuta kuni, akarudi bila kuni, miguu imelowa hadi magotini. Mto umeanza kujaa. Kila mwaka mto ukianza kujaa Sekesai huenda kuutazama, na kila mwaka hurudi bila kuni. Hakuna anayemuuliza.

Mimi sitakiwi kujua kwa nini. Nitaandika tu, daftari ni langu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sekesai alikuwa amerudishwa nyumbani kwa mama kujifungua mimba yake ya kwanza, kama desturi. Asubuhi moja natoka kwenda kuchunga nikakutana na nyanya yetu na wanawake wengine wawili wanapanda kutoka mtoni. Nyanya ana jembe. Pindo za nguo zao zimelowa. Nyanya akaniambia, "Tazama ng'ombe wako." Nikatazama ng'ombe. Nilipofika nyumbani Sekesai amekaa jikoni anakula uji, tumbo halipo, na hakuna aliyekuwa analia. Mtoto ambaye hajaota meno hazikwi na wanaume wala haliliwi. Wanawake humpeleka kwenye udongo wenye maji, na mwanamume hasemi kitu. Baba hakusema. Mume alipokuja hakusema. Nami sijasema, miaka thelathini na moja.

6 Desemba

Nimeandika ukurasa. Umetoka kwa mkupuo mmoja, sijafuta neno. Mwanamke ameinama kwenye ukingo wa mto anamtafuta mwanawe wa kiume aliyelazwa kwenye udongo wenye maji, ambaye hakuruhusiwa kumlilia. Kila masika anarudi kuona kama mto umemwachia. Nimeweka na yale maneno, anatafuta kitu alichodondosha.

Ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Jina la mtu sikutaja. Harare ni mbali. Sekesai husoma Biblia na bei za madukani, basi. Nimeupiga picha kwa simu nikautuma.

8 Desemba

Bi Nyaradzai amepiga simu analia. Amesema amewasomea wenzake ofisini na mmoja akatoka nje. Maonyesho yote sasa yataitwa "Ukingo wa Mto". Jiwe langu litasimama katikati ya ukumbi, peke yake. Ukurasa wangu ni wa tisa, na utabandikwa pia ukutani.

Nilitembea kijijini nikiwa mrefu kuliko nilivyo.

15 Desemba

Siku ya moto. Jiwe lazima lipashwe joto pande zote ndipo linywe nta, na mvua imetunyima nafasi wiki nzima. Leo saa nne kulikuwa na uwazi. Tukalizungushia kuni, nusu yake mbichi, tukapuliza hadi macho yakavimba. Jiwe lilipokuwa la moto kabisa, wingu likaja. Tone moja tu la maji baridi kwenye jiwe la moto linalipasua, na kazi ya wiki tano inakuwa kokoto. Kufakunesu na mkewe Ottilia wakashika bati juu ya jiwe, wakipigwa na mvua wenyewe, huku Sekesai chini ya bati anapaka nta, moshi unamzunguka, anakohoa na kuimba.

"Fanya haraka, Chihera, mkono wangu unakatika!" Kufakunesu akapiga kelele.

"Ukatike. Una mwingine."

Mikono ya jiwe aliipaka mwisho. Likatoka jeusi, linameremeta, halina ufa. Sote tulilowa na sote tulifurahi. Sekesai akajifuta uso akasema, "Hili nitakuja Harare kuliona limesimama."

Nikasema barabara ni mbovu, basi linajaa.

"Naosha mawe yako miaka kumi na tisa," akasema. "Sijawahi kuona hata moja linakokwenda. Safari hii nakuja."

Nikaanza kuzima moto ambao mvua ilikuwa imeshauzima.

25 Desemba

Wali na kuku. Mvua.

2 Januari

Sekesai amenunua viatu vya kwendea Harare. Anavivaa ndani ya nyumba ili vimzoee.

5 Januari

Kufakunesu amepata picha ya ukurasa wa tisa kwenye simu, maana wake uko nyuma yake, wa kumi, na Bi Nyaradzai alimtumia zote mbili. Mjukuu wake alimsomea. Alikuja bandani kwangu akakaa juu ya gogo, hakusokota hata tumbaku.

"Bundi wangu ulimtungia," akasema. "Hii hukutunga."

"Hadithi ni hadithi."

"Baba Rudo, mimi ni mpumbavu wa mawe tu. Mke wangu alipata wawili wa mtoni. Mpaka leo sijamuuliza walikuwa na sura gani. Wewe umemwanika Chihera ukutani, chini ya taa."

Aliondoka. Nilikuwa na hasira naye hadi jioni, kisha nikakosa sababu ya kuwa na hasira naye.

9 Januari

Nilikwenda kumwambia Sekesai. Alikuwa anabangua karanga. Nikaongea habari za bei ya sabuni, nikarudi.

10 Januari

Mvua usiku na mchana.

12 Januari

Mto umebomoa ukingo. Watu walikwenda kutazama, miti mizima inapita. Sekesai alikwenda alfajiri, akarudi saa tisa. Hakusema alikwenda kutafuta kuni. Alikaa kizingitini kwake, matope hadi kiunoni, na Ottilia alipomletea sadza, ugali wetu, alilishika bakuli tu.

Nilijua nikingoja hata siku moja zaidi nitakuwa mtu mwingine kabisa. Nikaenda nikakaa chini mbele yake.

"Dada, nimeandika kitu kuhusu lile jiwe."

"Unaandikaga kila siku."

"Nimeandika habari zako. Za mtoni. Nilimwona nyanya na jembe, siku ile. Nimeipeleka Harare, wameipenda, wataibandika ukutani."

Hakunitazama. Aliliweka bakuli chini polepole.

"Soma," akasema.

"Dada..."

"Wao watasoma wasionijua, mimi nisisikie? Soma."

Nikasoma kutoka kwenye simu. Sauti yangu niliichukia. Maneno yaliyomtoa mtu machozi ofisini huko yalikuwa yanatoka kinywani mwangu moja moja kama meno. Nilipofika pale pa kitu alichodondosha alifumba macho. Nilimaliza. Mvua ilikuwa imeanza tena, na yeye alikuwa anaitazama mvua.

"Umeandika mvulana," akasema.

"Ndiyo."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Miaka thelathini na moja nilijua tu ni mvulana, na sijui kwa nini.

"Alikuwa msichana," akasema Sekesai. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Aliufunga taratibu. Bora angeubamiza.

13 Januari

Beseni la Sekesai limepinduliwa juu chini mbele ya mlango.

14 Januari

Bado limepinduliwa.

15 Januari

Nimempigia simu Bi Nyaradzai nikamwambia ukurasa wa tisa usiwepo.

Alidhani namtania. Kisha akasema vijitabu mia tatu vimeshachapwa, mialiko imeshakwenda, jina la maonyesho limeshapakwa ukutani kwa rangi. "Baba, kwa nini? Hii ndiyo kazi yenye ukweli kuliko zote."

"Ndiyo maana. Ukweli wenyewe si wangu, ni wa dada yangu."

Akaja na sauti laini. "Labda dada yako mwenyewe angependa kuja kuisimulia? Ingekuwa na nguvu zaidi."

Si msichana mbaya. Nilikata simu ili nisimtukane. Nilipopiga tena nilimwambia, ama ukurasa utoke ama jiwe litoke, na jiwe likitoka nitakuja na lori mwenyewe. Akasema jina la ukutani atalipaka rangi, na ukurasa hautabandikwa. Vijitabu hana pesa ya kuchapa upya, ila nikitaka nije nichane kwa mkono wangu.

Nikasema nakuja.

17 Januari

Nyuma ya ukurasa wa tisa kuna ukurasa wa kumi. Nikichana wangu nachana wa Kufakunesu, na haya ni maonyesho yake ya kwanza tangu macho yaanze kumsumbua. Nilikwenda kumwomba.

"Chana," akasema. "Bibi yangu, yule wa bundi, amesikia kwamba kwenye ukurasa nimemwua. Ananisubiri sokoni."

20 Januari

Harare, chumba cha nyuma cha jumba la maonyesho. Masanduku sita ya vijitabu. Nimepewa rula ya chuma na kiti. Unafungua, unabana rula, unavuta. Ukivuta haraka unararua na wa kumi na moja, ambao ni wa mtu asiye na hatia. Hadi saa sita nilikuwa nimefikia tisini.

Bi Nyaradzai alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akavuta kiti akakaa upande wa pili wa meza, akatoa rula yake.

"Mama yangu naye ana mmoja wa mtoni," akasema. "Nilisikia nikiwa mdogo, nje ya dirisha."

Tukachana hadi sanduku la mwisho. Karatasi zote tukazichoma uani.

25 Januari

Ufunguzi. Ukutani sasa pameandikwa "Mawe Matano", na rangi nyeupe chini yake bado inanuka. Jiwe langu liko katikati, bila maneno. Watu wengi, mvinyo, watoto wanakatazwa kugusa.

Sikutarajia kumwona Sekesai. Saa kumi na moja akaingia na Ottilia, amevaa vile viatu, anatembea kama anayepita kwenye miiba. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, akalizunguka mara mbili, akaweka kiganja mgongoni mwake. Mlinzi alitaka kumkataza, Bi Nyaradzai akamvuta mkono.

Tukakalishwa mbele. Kufakunesu akaulizwa msukumo wake ni nini, akasema ada ya shule ya wajukuu, na bundi ni rahisi. Wakacheka. Kisha mzee mmoja mwenye fimbo akanigeukia mimi. Akasema jiwe hili limemkamata, hawezi kuondoka mbele yake. Mwanamke huyu ni nani? Wazo lilitoka wapi?

Sekesai alikuwa safu ya nyuma, mikono juu ya mkoba. Maneno ya kusema ninayo mengi siku zote. Niliyasikia yanajipanga, mazuri, ya kumtosheleza mzee wa watu.

"Nilikuwa nachonga kanga," nikasema. "Kichwa kikavunjika."

Walicheka wakingoja niendelee. Sikuendelea. Kicheko kikaisha, na mzee akasema, "Ni hivyo tu?"

"Upande wangu ni hivyo tu. Nilichonga siku nane. Unachokiona kinang'aa pale sikukifanya mimi. Aliyekifanya amekaa nyuma kule, ni dada yangu mkubwa."

Vichwa vyote vikageuka. Sikuwa nimemwomba ruhusa hata kwa hilo, na nikaogopa. Lakini Sekesai aliinuka, akavuta gauni.

"Karatasi sita," akasema. "Ya kwanza inakula vidole. Ya mwisho unasikiliza, huangalii. Maji mengi. Siku kumi na mbili. Halafu yeye ndiye anayewekewa kiti huko mbele."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mara hii watu walipiga makofi. Aliketi. Kama alinitazama, ilikuwa mara moja.

Jiwe limenunuliwa na yule mzee. Kwenye kadi yake aliomba waandike "Kanga Aliyevunjika Kichwa".

28 Januari

Nyumbani. Mvua imekatika siku ya pili. Asubuhi beseni lilikuwa limewekwa wima, lina maji, na Sekesai anasugua bundi mpya wa Kufakunesu. Nikakaa mbali kidogo.

"Bado nimekukasirikia," akasema.

"Najua."

"Nitakukasirikia mpaka mavuno. Labda na mwakani."

"Sawa, dada."

Akabadilisha karatasi. Akasema siku ile mto ulipobomoka alikwenda akakuta mahali penyewe hapapo. Si mti, si jiwe la alama, ukingo wote umeliwa, maji yanapita. Nyanya alishakufa. Wale wanawake wawili walishakufa, na mama pia.

"Nikaona nimebaki mimi tu," akasema. "Nikifa mimi, hata kuwa alikuwepo hakutajulikana. Halafu jioni ileile unakuja wewe na mvulana wako."

Alimwosha bundi uso, akamfuta kwa kitambaa.

"Ukoo haukumpa jina. Nilimpa mimi, nikiwa bado nimemshika, kabla nyanya hajamchukua."

Akaniambia jina hilo. Akasema nilirudie, nikalirudia, akanisahihisha mwisho wake, nikalirudia tena mpaka akaridhika. Sasa tunalijua wawili. Halitaandikwa hapa.